Haki Zote za Bi Tetea

Mwalimu akimaliza kusema jambo lolote, hata kama ni kuagiza chapati, alikuwa ananyamaza kidogo, anawatazama mliopo mmoja mmoja juu ya miwani, halafu anauliza, "Kuna swali?" Mkikaa kimya anasema, "Hakuna swali. Basi tumeelewa." Hapo mjadala umefungwa. Ukirudi kesho kusema hukuelewa, anakukumbusha kwamba jana ulipewa nafasi ukanyamaza. Alikuwa ameacha kufundisha shule ya msingi, lakini shule haikumwacha yeye, na kipande cha chaki hakikukosa mfukoni mwa shati lake hata siku za harusi.

Sitamtaja jina. Jina lake alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, acha alilinde mwenyewe. Kwetu alikuwa Mwalimu, na mimi kwake nilikuwa Mwalimu wa Vidudu, kwa sababu nilikuwa nafundisha darasa la watoto wadogo pale pale shuleni kwake, Tangini. Aliendelea kuniita hivyo hata baada ya sote wawili kuacha chaki na kuanza kutengeneza vipindi vya watoto vya televisheni. Zamani nilidhani ni utani. Siku hizi nadhani alikuwa ananionyesha mahali pa kukaa.

Studio yetu ilikuwa banda la kuku. Usicheke. Mwenye banda alikuwa amepigwa na ugonjwa wa mdondo, kuku wakafa wote, akalipangisha kwa yeyote mwenye roho ngumu. Tulisugua sakafu kwa dawa mpaka viganja vikachubuka, tukagongomea trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, tukaziba madirisha kwa magodoro. Mvua ikinyesha, bati linapiga kelele, kazi inasimama. Jua likiwaka, harufu ya kuku inapanda kutoka kwenye saruji kana kwamba bado wamo. Tukilalamika, Mwalimu anasema harufu haionekani kwenye kioo cha televisheni.

Na tuliyemtengeneza humo alikuwa kuku. Bi Tetea. Mwili wake ulikuwa sponji ya godoro lililochakaa, manyoya yake vipande vya kitenge, na kile chekundu cha kichwani kilikatwa kwenye kandambili ya fundi wetu wa midoli, mzee mmoja mpole wa Mlandizi ambaye zamani alikuwa akishona viti vya magari. Mkono uliokuwa ndani ya Bi Tetea ulikuwa wangu. Sauti ilikuwa yangu pia, lakini hapo sharti niseme vizuri, maana ndipo ugomvi wote ulipo. Sauti ile ilikuwa ya bibi yangu, mama yake mama, wa Chole huku Kisarawe.

Bibi alikuwa na namna yake. Alivuta mwisho wa maneno, "njoooni", "kaleteee", kama anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde hata ukiwa umekaa miguuni pake. Aliuliza swali na kulijibu mwenyewe. Akishangaa anasema "Yelewi!" na kujipiga paja. Wenzake wakikasirika wanapandisha sauti, yeye anaishusha, na hapo ndipo unapotafuta pa kujificha. Wakati wa kula, mtoto akinyemelea kipande cha samaki cha mwenzake, bibi anamwambia taratibu, "Haki ya mwenzio si mboga." Basi mkono unarudi wenyewe. Mimi darasani, vidudu wakinishinda, nilikuwa namwigiza bibi, nao wanatulia. Siku moja Mwalimu alikuwa anapita na mzigo wa madaftari, akasimama dirishani akacheka mpaka akavua miwani. Nilipomwona nikanyamaza kwa aibu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Na ndivyo kampuni yetu ilivyoanza, kwa neno hilo moja, mengine yote anayosimulia kwenye mahojiano ni hadithi.

Kazi aliijua, hilo sitamnyima. Alikuwa na amri moja kuu: mkono usionekane. Siku moja bangili yangu ilimetameta chini ya bawa, kitu cha kupepesa jicho tu, wala mpiga picha wetu hakuiona. Mwalimu aliiona. Tulirudia kazi ya kutwa nzima. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto gani ataona hiyo?" Akanijibu, "Mtoto akiuona mkono, atajua kuku ni mwongo. Na kuku akiwa mwongo, hata haki anayoisema ni uongo." Nilikasirika, lakini njiani kwenda nyumbani nilijikuta najivunia kufanya kazi na mtu wa aina hiyo.

Alikuwa mkali wa lugha vilevile. Ukisema neno la mtaani mbele ya kamera, anapiga makofi mara moja na kazi inaanza upya. Lakini maneno ya bibi hakuyagusa. Mpiga picha akitaka kuyanyoosha, Mwalimu anasema, "Hayo acha. Hayo ni ya Bi Tetea." Akikwama katika kuandika mchezo, ananigeukia na kuuliza, "Bibi yako angesemaje hapa?" Nami namwambia, naye anaandika. Mara ngapi? Ningekuwa nalipwa kwa kila swali lile, leo ningekuwa na ghorofa Maili Moja.

Kuna siku alikuja bwana mmoja wa kiwanda cha peremende. Alitaka Bi Tetea adonoe peremende zake, mara moja tu, mwanzoni mwa kipindi. Wakati huo tulikuwa hatuna hata hela ya betri. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza hadi kwenye gari, akamfungulia mlango, ndipo akamwambia, "Kuku hali peremende, ndugu yangu." Fundi wa midoli alicheka mpaka akakaa chini. Siku ile nilimpenda Mwalimu kama baba. Nasema ukweli wangu, nilimpenda, na ndiyo maana namchukia vizuri.

Usambazaji nao tuliuanza sisi, kwa miguu. Vituo vya televisheni havikutaka hata kutuona, kwa hiyo Mwalimu alibeba diski zetu kwenye kikapu cha ukindu, akasimama Maili Moja yanapopita mabasi ya bara, na kuwagawia makondakta. "Abiria wa basi hana pa kukimbilia," alisema. Kweli, makondakta walizipiga kwenye televisheni za ndani ya mabasi, watoto wakanyamaza njia nzima, na mama zao wakashuka wanauliza kuku yule anauzwa wapi. Baadaye kituo kimoja kikatuchukua, halafu kingine. Kipindi kikajulikana nchi nzima, na kila kipindi kiliisha kwa Bi Tetea kuinamisha kichwa na kusema taratibu, "Haki ya mwenzio si mboga."

Wakati huo nilikuwa sokoni siku moja, naulizia bei ya dagaa, mtoto aliyekuwa nyuma ya mama yake akapiga kelele, "Mama, Bi Tetea!" Soko lote likageuka. Watu wakanishika mikono, mwenye dagaa akanipimia bure. Nilirudi studio nimejaa furaha, nikasimulia. Mwalimu hakucheka.

"Usiwe unaongea hovyo sokoni," akasema. "Mkono usionekane. Kuna swali?"

Sikuwa na swali. Na kwa amri hiyo hiyo ya mkono jina langu halikuandikwa mwisho wa kipindi. Liliandikwa lake tu: mtunzi. Alisema mtoto akisoma jina la mtu, kuku anakufa. Jamani, mtoto asiyejua kusoma anasomaje jina? Lakini hilo nililiwaza miaka mingi baadaye, nikiwa nakuna nazi, na ufahamu uliochelewa haukupeleki popote.

Sasa nifike kwenye siku ya makofi.

Walikuja watu wa kampuni ya usambazaji kutoka Dar es Salaam, na gari jeupe, na chupa zao wenyewe za maji. Mwalimu alituita bandani sote: mimi, fundi wa midoli na mpiga picha. Alikuwa amevaa suti. Akasema, "Wageni wetu hawa, kuanzia leo, wanachukua haki zote za Bi Tetea."

Haki zote! Yelewi! Mtu wa nchi hii aliyewahi kufanya kazi ya mtu anajua neno hilo. Ukiachishwa kazi unadai haki zako. Ukicheleweshewa mshahara unaulizia haki zako. Sisi tulikuwa tumemsumbua Mwalimu msimu mzima, "Mwalimu, haki zetu," naye anasema kesho. Kwa hiyo tuliposikia wageni wanazichukua haki zote, tulielewa kwamba wamebeba mzigo, kwamba mtu mwenye uwezo amekuja kutulipa stahili zetu. Fundi akaanza kupiga makofi. Mpiga picha akafuata. Mimi nilipiga kigelegele. Wageni walitazamana, kisha nao wakapiga makofi, maana hawajawahi kuona watu wanaofurahia hivyo kunyang'anywa.

Mwalimu akasubiri makofi yaishe. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, huyu. Alikuwa mtu wa kumsahihisha mwenye duka kwenye kibao chake cha bei. Akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani.

"Kuna swali?"

Tunatabasamu tu.

"Hakuna swali. Basi tumeelewa."

Mwezi haukuisha, banda likafungwa. Bi Tetea wangu wa sponji aliwekwa kwenye boksi, sijui yuko wapi. Wakamchora kwenye kompyuta, mwembamba, ana kope ndefu kama bibi harusi. Sauti wakampa binti mmoja wa mjini aliyekaa akatazama diski zetu na kuniiga mimi ninavyomwiga bibi. Si mbaya. Anavuta maneno, anasema yelewi, ila anaposema yelewi unasikia kabisa kwamba hajawahi kushangaa. Na peremende anadonoa. Mwisho wa kipindi haki ya mwenzio haipo tena. Anasema, "Haki yako ni tamu, idai dukani leo!" Fundi wa midoli aliposikia hayo alizima televisheni, akaniambia yeye amerudi kushona viti, viti havimwambii mtu uongo.

Mimi nilijitahidi. Nilishona Bi Tetea mdogo wa kitenge, nikawa naalikwa kwenye mahafali ya vidudu, Kibaha na Kisarawe mjini. Mzazi mmoja akanirekodi, akarusha kwenye simu. Wiki ile ile nikapigiwa na kijana wa kampuni, mstaarabu kabisa, shikamoo mbele.

"Mama, tunaomba uache kuitumia hiyo sauti. Ni mali ya kampuni."

"Sauti gani?"

"Ya Bi Tetea."

Nilipokasirika sauti yangu ikashuka, kama ya marehemu. Nikamwambia taratibu, "Mwananguuu, sauti haiuzwi. Sauti inauzwa? Haiuzwi."

"Hiyo hiyo, mama," akasema. "Hiyo unayoniongelea sasa hivi."

Ningecheka kama isingekuwa mimi. Nilimweleza kwamba sauti ni ya bibi yangu, kwamba nilizaliwa nikaikuta. Kijana akasema anaelewa, lakini Mwalimu amewathibitishia kwamba Bi Tetea alimtunga yeye mwenyewe kichwani, sauti na misemo. "Yeye akisema vingine, mama, hapo tutakuwa na la kuzungumza. Asiposema, ukirudia tunakupeleka mahakamani."

Kwa hiyo nilichokihitaji duniani kilikuwa sentensi moja ya mtu mmoja. Nilimpigia Mwalimu, hakupokea. Nilikwenda kwake Tangini, nikaambiwa hayupo, na viatu vyake vipo mlangoni. Nilimsikia redioni akisema Bi Tetea alimjia ghafla akiwa anapiga mswaki. Mswaki! Bibi yangu, aliyelea watoto wa watu kijiji kizima, ametoka kwenye dawa ya meno ya mtu. Mahafali nikaacha. Hata nyumbani nikaanza kujichunga, nikamfokea mtoto wangu kwa sauti isiyo yangu, sauti ya kiofisi hivi. Bibi alikuwa amekufa miaka mingi, lakini nilimzika mwaka ule.

Halafu dunia nayo ina dhihaka zake. Mwalimu alipostaafu mambo yote alinunua shamba la mikorosho. Wapi? Chole. Kijijini kwetu. Mama yangu mdogo, Tatu, mtoto wa mwisho wa bibi, ndiye aliyenipa habari: kuna mzee mgeni mpole kahamia jirani, hana mtu wa kumpikia, kwa hiyo yeye huwa anampelekea uji. Nilimwambia, uji huo mwagia nguruwe. Mama mdogo akasema, "Astaghafirullah, mtu mzima haambiwi hivyo." Televisheni kwake hakuna, na Bi Tetea hamjui. Sikuwa na nguvu ya kumwelezea.

Mwaka jana, baada ya mvua za masika, nilikwenda Chole, na alasiri nikaongozana na mama mdogo kupeleka uji.

Alikuwa barazani. Amekonda, miguu imevimba. Chaki ipo mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinitambua kwa sauti kabla hajanitazama. "Marahaba, Mwalimu wa Vidudu."

Mama mdogo akakaa pembeni kwenye mkeka, ametupa mgongo, anachambua kunde zake kwenye ungo. Mwalimu akanywa uji. Tukazungumzia mvua, tukazungumzia korosho. Kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Hata jina langu wamelitoa. Siku hizi wanaandika la kampuni tu." Nilitaka kumwonea huruma. Nikaona nimefurahi, wala sioni haya.

Nikamwambia, "Sasa umebaki huna cha kupoteza. Waambie ulimtoa wapi. Sentensi moja, Mwalimu. Nirudishiwe sauti ya bibi yangu, nife nikiwa naongea."

Alitikisa kichwa. "Nilimtunga mimi."

"Ulikuwa unaniuliza bibi angesemaje."

"Mwandishi anauliza watu. Kutunga ni kutunga." Akaweka bakuli chini. "Wewe una watoto, una mdomo, utaongea mengine. Mimi ukinitoa Bi Tetea, duniani nimefanya nini? Niambie. Nimefundisha viambishi?"

Hapo nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba mtu unaweza kumwelewa kabisa na asikupe kitu. Nikamuuliza lile lililonikaa rohoni miaka yote.

"Siku ile ya makofi. Ulijua sisi tumeelewa nini?"

Akanitazama juu ya miwani, mwalimu kabisa.

"Niliuliza kama kuna swali."

Jamani. Damu ilinipanda mpaka masikioni, na hasira yangu ikafanya kama inavyofanyaga kwetu, ikashuka. Mama yangu mdogo simwiti kwa jina, siwezi, ni mama yangu, nitapata laana. Lakini si mimi niliyefungua mdomo. Nilielekea upande wa mkeka nikaita, taratibu, kwa kuvuta, "Tatuuu! Kuku umewafungia? Hujawafungia."

"Abee, mama!"

Alikuwa ameshasimama. Mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, ana wajukuu, kunde zimemwagika zote, ameshika kanga kiunoni na ameshapiga hatua kwenda kufungia kuku wa mtu aliyekufa. Ndipo akasimama. Akageuka akatutazama, mkono mdomoni, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Mwalimu alimwangalia. Aliangalia kunde, akaniangalia mimi. Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati, akaifuta, akaifuta.

"Kuna swali, Mwalimu?" nikamuuliza.

Akaendelea kuifuta.

"Hakuna swali," nikasema. "Basi tumeelewa."

Tulikusanya kunde, mama mdogo na mimi, tukachukua bakuli letu, tukaaga. Mpaka leo Mwalimu hajapiga simu kwa mtu yeyote, na nasikia ameacha kupokea uji. Bi Tetea anaendelea kudonoa peremende kila Jumamosi asubuhi.

Lakini jioni ile, tukiwa tumefika katikati ya mikorosho, mama mdogo alinishika mkono.

"Niite tena," akasema.

Nikageuka nyuma kwanza, nikatazama huku na huku kama kuna mtu mwenye simu. Hakukuwa na mtu. Ndipo nikamwita.